Mzee wa Chicago na Haki ya Bunduki

Wasikilizaji, jioni hii twataka kunena nanyi habari za bunduki, lakini si habari za mawindo wala za vita. Ni habari za sheria, na za mzee mmoja wa Marekani, mtu mweusi, aliyekwenda mbele ya majaji kudai kwamba ana haki ya kuweka bastola nyumbani mwake.

Bunduki twaijua sote. Katika kijiji tulikokulia lilikuwapo gobore moja tu, mali ya mzee mmoja mkulima. Kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe na nyani, na majira ya mavuno yalipofika majirani walikuwa wakimbembeleza alale mashambani kwao. Cheti cha gobore lile alikitunza ndani ya kopo la chai, naye alikitukuza kuliko gobore lenyewe. Hakuna mtu aliyepata kumwambia, wala yeye mwenyewe hakupata kufikiri, kwamba gobore lile ni haki yake. Serikali ilimpa ruhusa, na Serikali iliweza kuichukua. Hata leo sheria zetu zimesimama juu ya msingi huo. Sheria ya silaha ya Tanzania ya mwaka 1991, na ile ya mwaka 2015 iliyoifuata, na ya Kenya, yaani Sura ya 114, zote huanza kwa kukataza, kisha humfungulia mlango mtu aliyeomba na kuchunguzwa.

Huko Marekani mambo yamegeuzwa. Mtu mzima asiye na kosa huanza akiwa na haki, na Serikali ndiyo itakiwayo kueleza kwa nini impunguzie. Wanafunzi wetu wakisikia hayo hushangaa, nao hutuuliza ni watu wa namna gani waliotunga katiba ya jinsi hiyo.

Ni watu waliokuwa wametoka vitani. Mwaka 1775 askari wa Mfalme wa Uingereza walitoka mjini Boston usiku, wakaenda kijiji cha Concord ili wachukue silaha na baruti zilizowekwa huko na wenyeji. Asubuhi ya tarehe 19 Aprili wakulima wakawakabili kwa bunduki zao wenyewe, na vita ya kutaka uhuru ikaanza siku hiyo. Hata waliposhinda hawakusahau lile jambo la kufuatwa baruti yao. Mwaka 1791 wakaongeza vifungu kumi katika katiba yao, na cha pili katika hivyo ni sentensi moja tu, itajayo jeshi la raia lenye utaratibu, kisha ikataja haki ya watu ya kuwa na silaha. Je, haki hiyo ni ya raia akiwa katika jeshi lile tu, au ni ya kila mtu nyumbani kwake? Sisi tufundishao lugha twacheka kidogo, kwa kuwa hapo ndipo ionekanapo kazi ya koma. Sentensi moja imewagombanisha wanasheria zaidi ya miaka mia mbili.

Basi turudi kwa mzee wetu. Jina lake Otis McDonald, aliyezaliwa mwaka 1933 katika jimbo la Louisiana, mtoto wa wakulima maskini waliolima mashamba ya watu wengine kwa kugawana mavuno. Angali kijana akaondoka kwenda kaskazini, kama walivyofanya watu weusi wengi wa zamani zake, akafika Chicago, akapata kazi ya ufundi katika Chuo Kikuu cha mji huo, na mwaka 1971 akanunua nyumba katika mtaa wa Morgan Park. Hapo akalea watoto wake. Lakini miaka ilivyopita mtaa ukaharibika. Wauzaji wa madawa ya kulevya wakaingia, nyumba yake ikavunjwa mara kadhaa, na vijana wakamtisha mchana kweupe. Bunduki za kuwindia alikuwa nazo kwa halali, ila bunduki ndefu si chombo cha mzee kugeuza nacho ujiani gizani. Alitaka bastola.

Mji ulimkatalia, na namna ulivyomkatalia yafaa kuangaliwa. Sheria ya Chicago ya mwaka 1982 haikusema waziwazi kwamba bastola ni marufuku. Ilisema kwamba kila bastola isiyoandikwa katika daftari ni marufuku, kisha daftari likafungwa, hata bastola mpya zisiandikwe. Lakini tusiwadharau madiwani wa mji. Walikuwa wakizika watu. Bastola hufichwa kiunoni, huibwa kwa wepesi, hutolewa kwa hasira ya dakika moja, na katika mji wenye watu waliosongamana risasi iliyokosa shabaha haikosi mtu.

Tarehe 26 Juni 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu juu ya sheria ya mji mkuu, Washington, ambayo tangu mwaka 1976 ilikuwa imezuia bastola. Majaji watano juu ya wanne wakasema kwamba haki ile ya mwaka 1791 ni ya mtu mmoja mmoja, naye aweza kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda. Jaji Antonin Scalia, aliyeiandika hukumu, akaongeza kwamba haki hiyo si bila mipaka, na kwamba sheria za zamani za kuwazuia wahalifu na wagonjwa wa akili wasipate silaha, au za kuzuia silaha mashuleni, hazikuguswa. Siku hiyo hiyo McDonald na wenzake wakaushitaki mji wa Chicago.

Palikuwa na tatizo. Washington ni mji wa Serikali Kuu, na vile vifungu vya mwaka 1791 vilitungwa kuizuia Serikali Kuu peke yake. Je, vyaufunga na mji wa Chicago? Ili kujibu, ilibidi majaji wafunue habari za baada ya utumwa.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikwisha mwaka 1865, na watumwa wakawa huru. Mwaka huo huo jimbo la Mississippi likatunga sheria kwamba mtu mweusi aliyepewa uhuru, asiyekuwa askari wala hana cheti cha wakuu wa wilaya yake, asiwe na bunduki ya namna yoyote, wala risasi. Majimbo mengine ya kusini yakafanya mfano wa hayo. Kisha wakaja watu wa usiku, nao walikuwa na bunduki. Kwa ajili ya mambo kama hayo katiba ikaongezwa kifungu cha 14 mwaka 1868, kuyazuia majimbo yasivunje haki za raia. Mjukuu wa watu wa kusini akisimama mwaka 2010 kudai bastola, alikuwa amesimama juu ya kifungu hicho.

Nasi katika Afrika ya Mashariki tusiyasikilize haya kama hadithi ya mbali. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, yakapatana kuzuia silaha bora na baruti zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini. Sababu waliyoitaja ni kukomesha biashara ya watumwa, na kweli washikaji wa watumwa walitumia bunduki, hakuna awezaye kuyakana hayo. Lakini mkataba ule haukuzuia bunduki za majeshi yao wenyewe. Miaka 15 baadaye, katika vita ya Majimaji, watu wenye mikuki na magobore machache walikutana na bunduki za mtombo. Ndiyo maana, kila tusomapo sheria ya silaha, ya kwao au ya kwetu, hatuulizi tu kwamba yakataza nini. Twauliza yamkataza nani, na ni nani aliyebaki nayo.

Hukumu ya McDonald ilitolewa tarehe 28 Juni 2010, watano juu ya wanne tena. Mzee akashinda. Majaji wanne walioshindwa walisema, miongoni mwa mambo mengine, kwamba hali ya mji mkubwa si sawa na ya shamba, na yafaa wenyeji waachiwe waamue. Hoja hiyo si ya kipuuzi, nasi twaiheshimu. Lakini mji wenyewe uliiharibu. Siku chache baada ya hukumu ulitunga sheria mpya, kwamba atakaye bastola sharti kwanza ajifunze kulenga katika uwanja wa shabaha. Viwanja vya shabaha vya raia vilikuwa vimekatazwa mjini kwa sheria hiyo hiyo! Mwaka 2011 mahakama ya rufani ikaizuia. Tumewahi kukutana na karani wa namna hiyo, asemaye lete picha, na mpiga picha amefungiwa.

Ikiwa mwatuuliza, twasema kwamba mzee alistahili kushinda. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote, asiye na kosa, amewaita polisi nao hawakuja upesi ya kutosha, si haki kumwambia alale akitumaini mlango. Lakini ipo hesabu nyingine, wala hatuwezi kuiruka. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi katika Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Maana yake, bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya mwizi mara nyingi humwua wa nyumbani, usiku wa huzuni, pasipo mwizi yeyote. Yule mzee wa kijijini kwetu alilifunga gobore lake darini na baruti akaiweka mahali pengine, wala hakuamriwa na mtu.

Na tarehe 24 Mei 2022, katika mji wa Uvalde, Texas, kijana wa miaka 18 aliyenunua bunduki zake dukani kwa halali aliingia katika shule ya watoto wadogo, akaua watoto 19 na walimu wawili. Sisi tulio walimu hatuwezi kulisoma jambo hilo kwa sauti kavu, basi twalipita. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria kwamba mnunuzi aliye chini ya miaka 21 achunguzwe zaidi.

Mwezi huo huo, tarehe 23 Juni, Mahakama ya Juu ikaipanua haki ile mpaka nje ya nyumba. Sheria ya New York ilimtaka mtu aeleze haja yake ya pekee kabla ya kupewa ruhusa ya kuchukua bastola njiani, nayo ikavunjwa. Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba sheria ya bunduki sharti ipatane na desturi ya nchi tangu zamani. Wengi wakaogopa kwamba sasa hakuna sheria itakayosimama, kwa kuwa watu wa mwaka 1791 hawakutunga sheria juu ya mambo mengi tuyaonayo leo.

Jaribio likaja upesi. Sheria ya mwaka 1994 humkataza mtu asiwe na bunduki ikiwa mahakama imemwona ni hatari kwa mkewe au mwenzi wake, ikamtolea amri ya kumzuia. Mtu mmoja wa Texas aliyetolewa amri hiyo, kwa sababu ya kumpiga mama wa mtoto wake, alikutwa na bunduki, akadai kwamba haki yake imevunjwa. Tarehe 21 Juni 2024 majaji wanane wakamkatalia, wakasema kwamba tangu zamani mtu aliye tishio kwa mwenziwe aweza kunyang'anywa silaha. Aliyekuwa upande wake ni jaji mmoja tu, naye ni Clarence Thomas.