Habari Ziwafikie Waliomjua kwa Jina Jingine

Msikilizaji wangu, kuna swali nimekuwa nikiwauliza watu sokoni, kwenye daladala, na hata hapa studio: hilo jina unalotumia mtandaoni, ulilitoa wapi? Wengi hucheka kwanza, maana hakuna aliyewahi kuwauliza. Wakishacheka hutulia, na wakianza kusimulia hawamalizi upesi.

Dada mmoja muuza vitenge anajiita Binti wa Mtoni. Nilidhani ni Mtoni ya Temeke. Kumbe ni mto wa kijijini kwao, alikokuwa akifua nguo na mama yake, na mama alifariki yeye akiwa darasa la nne. Jina la kwenye cheti alirithishwa kutoka kwa shangazi ambaye hakumkuta duniani. Hili la mtandaoni, anasema, ni lake yeye na mama. Fundi simu mmoja amebeba jina la mchezaji anayempenda, na mwisho wake kuna 1998. Ule mwaka aliuongeza kwa kuwa jina lenyewe lilishachukuliwa na mtu mwingine, akaambiwa atafute jingine, akagoma.

Wala haya hayakuja na simu janja. Waliosikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam wanazikumbuka kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya anaowasalimia, akamalizia na ujumbe, akaitia posta, kisha akawa hakosi karibu na redio akisubiri isomwe. Wengi waliobobea katika salamu hawakujitambulisha kwa jina la cheti. Walijipa jina wenyewe, wakaliambatanisha na mahali: fulani wa Nzega, fulani wa Tunduru, fulani wa Kahama mjini. Watu wasiowahi kuonana walisalimiana mwaka hadi mwaka kwa majina hayo, wakajuliana hali, wakawa ndugu. Na kwenye muziki, Joseph Haule alianza akiitwa Nigga Jay, akaliacha jina lile, akajiita Profesa Jay. Alilifanyia kazi mpaka likamkaa. Mwaka 2015 wananchi wa Mikumi walipompeleka bungeni, jina lililokuwa midomoni mwao ni hilo alilojipa.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema jina la mtandaoni ni maficho ya waoga. Wapo wanaojificha ili watukane na kutapeli, sikatai. Lakini jina la cheti ulipewa hujui kusema. Hili jingine umelitafuta mwenyewe, ukiwa na akili zako na kumbukumbu zako. Nani atasema si jina la kweli?

Tena siku hizi huwezi kujificha sana. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia ukomo wake hapa Tanzania, Januari 20, 2020, laini yako ina jina la kitambulisho nyuma yake, na jina hilo hutokea mtu anapokutumia pesa. Kundi la WhatsApp likichangishana kumsaidia mwenzao anayeuguza, hapo ndipo wanakundi hushtuka: yule waliyemzoea kama Mzee wa Busara simu inamwita vingine kabisa. Wanampigia kwanza, wanauliza, hii namba ni yako kweli?

Kwa hiyo marafiki wa mtandaoni wana njia ya kulifikia jina la cheti. Wa nyumbani hawana njia ya kulifikia lile jingine, na hapo ndipo pananiumiza.

Nchini Norway alikuwepo kijana aitwaye Mats Steen. Alikuwa na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli mwaka baada ya mwaka. Alitumia kiti cha magurudumu, na saa zake nyingi alizitumia mbele ya kompyuta akicheza mchezo wa World of Warcraft. Wazazi wake walihuzunika, wakiamini mtoto wao anaishi mpweke. Alifariki Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Baba yake, Robert, alikuwa na nywila ya blogu ya mwanawe. Akaandika humo kwamba Mats hayupo tena, akaacha anwani yake ya barua pepe. Barua zikaanza kumiminika, zikimsimulia mtu ambaye wazazi hawakumfahamu: Ibelin. Ndilo lilikuwa jina la Mats ndani ya mchezo. Ibelin aliwasikiliza watu waliokata tamaa. Aliwashauri wazazi walioshindwa kuelewana na watoto wao. Baadhi ya wenzake wa kikundi cha Starlight walitoka nchi nyingine za Ulaya wakaja mazikoni, na mwaka 2024 habari yake ikatolewa kwenye filamu iitwayo The Remarkable Life of Ibelin.

Kinachonikaa moyoni ni ile nywila. Baba asingekuwa nayo, angemzika kijana mpweke.

Sasa tuje kwetu. Tangazo la kifo tunalijua: ukoo unasikitika kutangaza kifo cha ndugu yao, majina matatu, mahali pa mazishi, kisha habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Haziwafikii wote. Rafiki aliyezungumza na marehemu kila usiku kwa miaka anaweza kuwa anasikiliza redio dakika ileile, akasikia majina matatu asiyoyajua, akaendelea kupika.

Ninawaomba wenzangu wa vituo vya redio: ndugu wakileta tangazo, waulizwe pale mapokezi kama marehemu alikuwa na jina la mtandaoni, na kama familia imeridhia, lisomwe. Mbona kwa madereva na wachezaji mpira tumezoea kusema "maarufu kwa jina la"?

Wapo waliolificha jina lao kwa sababu za usalama, au kwa siri iliyo haki yao, na siri hiyo isivunjwe kwa sababu mwenyewe hawezi tena kukataa. Kama wewe ni mmoja wao, chagua mtu mmoja nyumbani unayemwamini. Mwandikie kwenye daftari jina lako na namba ya mwenzako mmoja wa huko mtandaoni. Akimpigia huyo mmoja, wengine watapata habari.