Kabla ya Vifaa Kununuliwa, Mwalimu Aulizwe



Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 69 inaitaka Serikali ijitahidi kufikisha na kudumisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya Kenya. Mtoto huanza kujifunza hayo shuleni, tangu chekechea, na chekechea ni jukumu ambalo Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kaunti. Swali ni moja: fedha chache zilizopo zinunue nini?

Mara nyingi jibu hutolewa ofisini. Kila shule hupelekewa chati zile zile na vitabu vile vile. Lakini Kwale si mahali pamoja. Mtoto wa Gazi ana msitu wa mikoko karibu na kwao. Mwalimu wake hahitaji picha ya mkoko ukutani. Anahitaji kamba ya kupimia, ndoo, na kijitabu cha kuwasaidia watoto kutofautisha mkoko, mchu na mlilana.

Kinango ni kukavu. Huko miche ikipandwa wakati wa vuli, shule hufungwa muda mfupi baadaye, na Januari watoto wanaweza kurudi na kukuta vijiti vikavu. Chati ya faida za miti haitaiokoa miche hiyo. Kinachohitajika ni tangi la maji na mtu wa kumwagilia likizoni.

Kwa hiyo tathmini isiishie kuhesabu vilivyomo stoo. Iulize mambo manne. Kifaa kipi kilitumika muhula uliopita, na kipi kimefungiwa kabatini? Mwalimu alikwama katika mada gani? Nje ya darasa kuna nini cha kufundishia bila gharama? Kifaa kikiharibika, nani atakitengeneza? Majibu yatoke kwa anayesimama mbele ya watoto, si kwa mwalimu mkuu peke yake.

Wazazi nao waombe kuisoma orodha kabla haijapelekwa. Shule ikiandika "vitabu" kwa sababu shule jirani imeandika hivyo, itapata vitabu, na miche yake itaendelea kukauka.