Ini Likiugua, Jirani Asihukumiwe

Hotuba kwa wakazi na wafanyabiashara wa mpakani, Kamembe, Wilaya ya Rusizi



Huenda baadhi yenu mnajiuliza ni kwa nini afisa wa polisi anasimama kuzungumza habari za ini, ilhali kazi hiyo ni ya daktari. Sababu ni kwamba maradhi ya ini huzaa mashauri. Mtu huvimba tumbo, macho yake hugeuka manjano, mwili hukonda. Jamaa hukutana usiku, na kabla hospitali haijatajwa, jina la jirani limekwisha kutajwa. Husemwa kwamba amelishwa sumu ya polepole, ile ambayo wengi wa pande hizi huiita karuho. Kuanzia hapo nyumba ya mtu iko hatarini, na pengine maisha yake. Basi tulitazame ini lenyewe, tujue linafanya nini na linaharibiwa na nini.

Ini hukaa upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na kila dakika hupitiwa na kiasi cha lita moja na nusu ya damu. Sehemu kubwa ya damu hiyo hutoka tumboni na kwenye utumbo, ikibeba kila tulichokula na kunywa. Ndiyo maana naweza kulifananisha ini na kituo cha mpakani: mzigo haufiki mjini kabla haujakaguliwa. Chakula kizuri huwekwa akiba, hasa sukari, na kutolewa mtu anapokuwa na njaa. Uchafu na sumu huvunjwavunjwa ili vitoke kwa njia ya mkojo au choo. Aidha, ini hutengeneza nyongo inayosaga mafuta, na viini vinavyoifanya damu igande tunapojikata.

Ini lina sifa mbili ambazo kila mtu anapaswa kuzijua. Ya kwanza, lina uwezo wa kuota upya: ini zima likikatwa hata theluthi mbili, sehemu iliyobaki huweza kukua tena. Ya pili, ni kiungo cha kimya. Mtu anaweza kuishi miaka kumi au ishirini na ini linaloumia asihisi maumivu yoyote. Lakini likiumizwa mfululizo, mahali pa nyama hai hujaa makovu. Ini husinyaa na kuwa gumu, na damu hukosa njia ya kupita.

Hapo ndipo dalili huonekana kwa ghafla, na hapo ndipo ushuhuda wa uongo huanza. Damu iliyozuiliwa husukuma maji kuingia tumboni, na tumbo huvimba. Rangi ya nyongo hubaki katika damu, macho yakawa manjano na mkojo ukawa mweusi. Mishipa ya koo la chakula hutanuka na kupasuka, mgonjwa akatapika damu. Sumu ambazo ini lilizoea kuziondoa hupanda hadi kwenye ubongo, akaanza kusema ovyo na kusahau watu wake. Jamaa huona mambo hayo na kusema amerogwa au amelishwa juzi harusini. Kumbe ugonjwa ulianza zamani, pengine kabla ya huyo anayeshukiwa kuhamia kijijini.

Ni nini basi kinachoharibu ini? Nitataja mambo manne.

La kwanza ni virusi vya homa ya ini, hasa aina B na aina C. Msiichanganye na homa ya manjano inayoletwa na mbu. Hayo ni maradhi mengine. Virusi B na C hupita katika damu, na B hupita pia katika kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Havipiti katika sahani wala katika kupeana mkono. Hupita katika wembe wa kuchangia, katika chale, katika kukata kimio kwa kisu kisichochemshwa, na katika sindano inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Kirusi cha B huweza kuishi nje ya mwili hata siku saba. Chanjo ya aina B ipo, na katika nchi yetu watoto wachanga wamekuwa wakichanjwa tangu mwaka 2002. Aina C haina chanjo, lakini ina tiba: vidonge vya takriban miezi mitatu huwaponya wengi mno wa wanaovitumia. Mnamo Desemba 2018 Rwanda ilitangaza mpango wa miaka mitano wa kuitokomeza aina hiyo, kwa kuwapima mamilioni ya watu na kuwatibu wanaoonekana nayo.

La pili ni pombe. Pombe yoyote ikizidi hulichosha ini, lakini kanyanga ni adui wa pekee, na ndiyo maana sheria yetu huihesabu miongoni mwa dawa za kulevya. Anayeipika hana kipimo, na anayeivusha mtoni usiku hajui kilichomo ndani ya jerikani. Pengine huongezwa spiriti ya viwandani iitwayo methanoli. Ini, likijaribu kuivunja, huigeuza kuwa asidi inayoua mshipa wa macho; mnywaji hulala akiona na kuamka kipofu, au haamki kabisa.

La tatu ni ukungu katika nafaka. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua ini na 125 kati yao wakafariki. Waliokuwa wazima muda mfupi kabla waligeuka manjano. Kama wangetafuta mchawi, wangempata, kwa kuwa anayetafutwa hivyo hakosekani. Wachunguzi walitazama maghala, wakakuta mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu na kuota ukungu wenye sumukuvu. Sumu ilikuwapo kweli, ila hakuna jirani aliyeitia. Ninyi mnaouza na kununua mahindi na karanga, anikeni zikauke sawasawa, na zilizoota ukungu msizile wala msiziuze.

La nne ni dawa zisizo na mpango. Hata parasetamoli, dawa ya kawaida ya kichwa, ikimezwa kupita kiasi huweza kuua ini katika siku chache. Vidonge vinavyouzwa sokoni bila pakiti havina wa kuvijibia. Tena zipo dawa za mitishamba anazonyweshwa mgonjwa ili atapike karuho. Baadhi yake hulimalizia ini lililokuwa bado linapigania uhai.

Ndugu zangu, sisemi kwamba hakuna binadamu anayemtilia mwenzake sumu. Uhalifu huo upo na sheria inauadhibu. Ninachosema ni kwamba sumu huthibitishwa na kipimo cha hospitali na upelelezi wa vyombo vinavyohusika, si na kikao cha usiku. Mwenye shaka atoe taarifa, na mgonjwa apelekwe kutibiwa saa hiyo hiyo. Atakayemvamia mwenzake au kuchoma nyumba kwa tuhuma tupu, yeye ndiye atakayejibu mahakamani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tumezoea kumgeuzia jirani methali hiyo. Kabla ya kumnyoshea kidole, tazameni ndani ya bilauri, ndani ya ghala, na kwenye wembe wa kinyozi.

Nawaomba basi: lipeni bima ya afya mapema, ombeni kupimwa homa ya ini B na C, wapelekeni watoto kwenye chanjo, na muulizeni mjumbe wa afya wa kijiji chenu msichokijua. Mgonjwa akizidiwa, piga 912 upate gari la wagonjwa. Ukiona kanyanga ikivushwa, au ukisikia jirani anatishiwa kwa tuhuma za sumu, piga 112. Taarifa ya mapema huokoa watu wawili: anayeugua na anayeshukiwa.