Motokaa ya Wakubwa

Leo nataka kuwapa habari za motokaa za fahari za Waingereza, zilizotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Labda mtu wa kwetu Kilimatinde atasema, "Habari hizi zanihusu nini? Njia yetu ni mchanga na mawe, na gari letu ni la ng'ombe." Ngoja kidogo, ndugu yangu. Hata motokaa yaweza kutufundisha neno.

Zamani kampani ya Rolls-Royce haikuuza motokaa nzima. Iliuza kiunzi tu, yaani injini, vyuma vya chini na magurudumu. Mnunuzi alikipeleka kiunzi hicho kwa mafundi wengine wakamjengee bodi, kama vile mtu anunuavyo jembe dukani, kisha akaenda kwa mchongaji kutafuta mpini. Mafundi hao waliunga mbao ngumu, wakazifunika kwa bati, wakapaka rangi mara nyingi hata ikang'aa kama kioo.

Wakati wa vita, kiwanda cha kampani hiyo katika mji wa Crewe kilitengeneza injini za ndege. Vita vilipokwisha, kikaanza kutengeneza motokaa mwaka 1946. Mojawapo ni Bentley Mark VI, ambayo nyingi zake zilitoka kiwandani zimekamilika, zina bodi ya chuma. Zilitengenezwa zaidi ya 5,000. Injini yake ilikwenda kwa upole, na dereva akikanyaga kikanyagio kimoja, mafuta yalipita katika mirija midogo, yakalainisha viungo vya chini.

Lakini sikilizeni na udhaifu wake. Maji yakiingia katika bodi ya mbao, mti huoza ndani kwa ndani, na huku rangi ya nje ingali inang'aa. Bodi ya chuma nayo huliwa na kutu. Atazamaye nje tu hudanganyika.

Sasa twende Dar es Salaam. Katika Nyumba ya Makumbusho iliwekwa Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya Waingereza, kisha, baada ya uhuru wa mwaka 1961, ikatumiwa na Julius Nyerere. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona haikutupwa, hali iliwachukua waliotutawala?" Sikuweza kumjibu upesi. Usiku nilifikiri, na asubuhi nikamwambia: "Mwanangu, kiti kilikuwa kile kile, aliyeketi ndiye aliyebadilika. Kama heshima ingalikuwa katika gari, isingaliwaacha wale wa kwanza."

Basi, wewe mwenye baiskeli, na wewe mwenye gari la ng'ombe, msione haya. Tieni mafuta penye kusuguana, tazameni mti kwa ndani kabla haujaoza, na msimpime mtu kwa kinachomchukua. Kwaherini.