Taka za Plastiki na Kisiwa Chetu
Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Jambo tulilopewa kunena leo ni dogo kwa kulitazama, lakini lagusa maji tunywayo na samaki tulao.

Mwajua nyote ya kuwa Wasini ni kisiwa cha miamba. Hapana gari la kuzoa taka, wala hapana udongo mwingi wa kuzifukia. Kila chupa ya plastiki huja kwa chombo kutoka Shimoni au huletwa na mawimbi, na ikiisha kufika haina pa kwenda. Tukiitupa ufukoni, bahari huichukua. Tukiichoma, masizi yake hutua juu ya mapaa, na mvua huyateremsha katika majabia yetu. Kasa naye aonapo mfuko unaelea hudhani ni konyeza, huumeza akafa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha taka hujazwa vivyo hivyo.

Si haki kusema ya kuwa Serikali haikutenda kitu. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku katika Kenya nzima, kwa adhabu kali ya faini au kifungo. Tanzania, jirani zetu wa kusini, wakafuata tarehe 1 Juni 2019. Na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki ya kutumiwa mara moja imekatazwa katika hifadhi za taifa, na Kisite-Mpunguti ni mojawapo. Lakini sheria hukataza, haiinami kuokota. Tena chupa za maji na soda hazikuguswa na katazo la mwaka 2017, nazo ndizo zituzidio leo.

Katiba ya mwaka 2010 imeipa serikali ya kaunti kazi ya kuzoa taka. Kwa hiyo yatupasa tuiombe Kaunti ya Kwale, kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, itenge fedha za chombo cha kuvusha taka zetu hadi bara kwa siku maalumu.

Wako wasemao ya kuwa taka nyingi si zetu, zaletwa na kusi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mtu aendaye Kwale kudai haki hii, hali ua wake umejaa chupa, atajibiwa nini? Ndiyo maana twaleta mbele yenu maazimio matatu: kila nyumba itenge plastiki mbali na taka nyingine, kwa kuwa Sheria ya Taka ya mwaka 2022 yataka taka zitengwe, asichome mtu plastiki karibu na makazi, na kila nahodha aletaye wageni kutazama pomboo na matumbawe arudi na chupa alizokuja nazo.

Twawaomba wazee wayapime maneno haya barazani, maana neno la wazee hufika mahali ambapo askari hafiki. Nasi Halmashauri tutaanza na nyua zetu wenyewe.

Wabillahi tawfiq.