HAKI YA NJIA NA HAKI YA MAJI

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Isha, Dar es Salaam)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), napenda kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tumewaachia maofisa wa ardhi, nalo ni mpangilio wa mji tunaoishi.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliamua kuwa watu wakihitilafiana juu ya njia, upana wake uwe dhiraa saba, yaani kama mita tatu na nusu. Seyyidna Umar (r.a.) alipoamuru mji wa Kufa upangwe, mwaka wa 17 Hijria (638), wanahistoria wanaeleza kuwa barabara kuu zilipewa dhiraa 40, zilizofuata 30, nyingine 20, na vichochoro saba, wala si chini ya hapo. Msikiti ndio uliopimwa kwanza. Nyumba za matete zilipoungua na watu wakaomba kujenga kwa matofali, aliwaruhusu kwa sharti kwamba mtu asizidishe vyumba vitatu, wala wasishindane kurefusha majengo.

Sasa twende Manzese au Tandale tukapime. Ziko njia ambazo jeneza halipiti ila kwa kuinamishwa. Gari la zimamoto tusilitaje. Huyu aliongeza baraza, yule choo, na hakuna aliyejiona mwizi, kwani kila mmoja alichukua futi moja tu.

Maji nayo yana njia yake. Desemba 2011 mvua ilipojaza bonde la Msimbazi na sehemu nyingine za jiji, watu zaidi ya 40 walifariki, na baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande. Mafuriko yamerudi mara kadhaa tangu hapo. Sensa ya 2002 ilihesabu jijini watu wapatao milioni 2.5, ile ya 2022, zaidi ya milioni 5.3. Watu hawa sharti walale mahali, na mnyonge hujenga penye bei nafuu. Mimi simlaumu sana mjane aliyejenga bondeni. Namlaumu aliyemuuzia huku akijua, na anayefukia mfereji kwa kifusi. Mkondo ulioziba haupotei; humwingilia jirani, na aliyeuziba huwa amelala pakavu.

Na sisi je? Ua wa msikiti huu tuliusakafia wote kwa saruji, tukakata mwarobaini tupate pa kuegesha magari. Leo maji ya mvua yanatoka humu kwa kasi, maji ya udhu yanatuama njiani, na mama muuza vitumbua ameshahamisha meza yake mara mbili. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, sisi twafungulia bomba huku tukiongea. Nilikuwamo katika kamati iliyopitisha uamuzi ule, na mkono niliunyoosha.

Kwa hiyo naleta mbele yenu maombi mawili. Tuvunje ukanda wa sakafu ulio upande wa barabara, tupande miti, na maji ya udhu yaelekezwe kwenye mashina yake. Pili, nahofu ukuta wetu wa nyuma umeingia njiani. Fundi atakuja Jumamosi na kamba ya kupimia. Akituonyesha kuwa tumezidi, turudi ndani. Najua ukuta ule ulijengwa kwa michango yenu, na wako waliotoa walichokuwa nacho chote.

Wabillahi tawfiiq.