Mrushaji na Aliyerusha: Takwimu za Wachezaji katika Programu ya Kompyuta



Suala ninalolileta mbele yenu huonekana kuwa la wahandisi wa kompyuta. Mimi nadai kwamba ni la mofolojia pia. Tuchukue programu ya kuhifadhi takwimu za wachezaji wa kandanda ya Kimarekani. Mtungaji wake anafuata utaratibu ulioasisiwa nchini Norwei katika miaka ya 1960 kwa lugha ya Simula: vitu hugawanywa katika klasi, na klasi ndogo hurithi sifa za klasi kuu. Anaunda klasi ya Mchezaji yenye jina, timu na nambari ya jezi. Chini yake anaweka Mrushaji, Mpokeaji na Mkimbiaji. Mrushaji anatengewa hesabu ya mipira aliyorusha, Mpokeaji hesabu ya aliyodaka. Sisi tuliolelewa na ngeli tungeushangilia mpangilio huo.

Tarehe 4 Februari 2018, katika fainali ya Super Bowl mjini Minneapolis, mpangilio wa namna hiyo ungeaibika. Nick Foles, mrushaji wa Philadelphia Eagles, alisogea pembeni. Mpira ulikwenda kwa Corey Clement, akampa Trey Burton, ambaye kazi yake kikosini ilikuwa kupokea na kuzuia. Burton akaurusha, na aliyeudaka katika eneo la bao ni Foles. Kumbukumbu zinamwandikia Foles mipira 28 iliyofika kati ya 43 aliyorusha, yadi 373 na mabao 3. Kisha zinamwandikia kudaka mpira 1, yadi 1, bao 1. Hakuna kabla yake aliyekuwa amerusha na kudaka mpira wa bao katika fainali hiyo. Je, klasi ya Mrushaji itaiandika wapi yadi hiyo moja? Haina mahali. Tukiunda klasi ya Mrushaji-Mpokeaji, kesho tutadaiwa ya Mpokeaji-Mkimbiaji, na ukoo hautakwisha.

Sarufi yetu ilikwisha kutenganisha mambo haya. Kiishio -ji katika "mrushaji" hutaja mazoea au kazi ya mtu; "aliyerusha" hutaja tendo lililotokea, lenye mtenda na wakati wake. Burton si mrushaji, lakini ndiye aliyerusha. Mtungaji wetu ametumia nomino ya mazoea kuhifadhi tukio. Vivyo hivyo, "ni" si "ana". Foles ni mrushaji. Foles ana upokeaji mmoja. (Hata "kiongozi", lenye umbo la KI-VI, husema "amefika", wala hatujamtungia ngeli yake peke yake.)

Kwa hiyo napendekeza klasi moja ya Mchezaji, ambamo nafasi ya uwanjani ni sifa inayoweza kubadilika, na kando yake klasi ya Tukio: urushaji, upokeaji, ukimbiaji. Kila tukio litaje mchezo, mtenda na yadi. Jumla zitokane na matukio.

Asilimia nazo zisihifadhiwe, zikokotolewe. Mrushaji aliyefikisha mpira 1 kati ya 2 katika mchezo mmoja, na 27 kati ya 30 katika wa pili, ana asilimia 50 na 90. Programu inayotafuta wastani wa namba hizo mbili itampa 70, ilhali amefikisha mipira 28 kati ya 32, yaani asilimia 87.5.